Usinga, Kibuyu na Gobole: Likinda la Majimaji kama Utendaji, Kutoka Vilima vya Matumbi hadi Jukwaa la Ebrahim Hussein

Utangulizi

Katika miezi iliyotangulia kung'olewa kwa pamba huko Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, vijiji vya Wamatumbi na Wangindo vilivyo nyuma ya Kilwa Kivinje vilikuwa vikiwapokea wajumbe kutoka Ngarambe. Mjumbe mmoja, Mpokosi, alikumbukwa na wazee kwa namna alivyoiendesha shughuli yake. Alishika usinga, alichukua kibuyu cha dawa, na wanaume walisimama mbele yake wakiwa na magobole. Aliwazunguka akiwanyunyizia dawa huku akitoa amri za kijeshi kwa Kingindo, nao wakizijibu kwa pamoja. Aliwaamrisha wasimame wima, wakathibitisha kuwa wamesimama. Aliwauliza wamebeba nini, wakajibu kuwa wamebeba kunde. Akauliza ni kunde za namna gani, wakaitaja aina yake. Kisha akawageuza, huku na huko, waitazame nchi. Shughuli hiyo iliitwa likinda.

Wanahistoria wamelieleza likinda kama mazoezi ya vita, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, mazoezi ya vita yanayofanywa kwa usinga na kibuyu, kwa kupokezana kauli, na kwa silaha zinazopewa jina la chakula, yana sura nyingine ambayo taaluma ya sanaa za maonyesho ndiyo yenye zana za kuichunguza. Makala haya yanadai kwamba likinda lilikuwa jaribio la utendaji lililounganisha mwili, sauti, mwendo na vitu kwa mpangilio ambao haukuwapo kabla yake, na kwamba kiini cha jaribio hilo kilikuwa kuufuta mpaka kati ya mtendaji na mtazamaji. Ebrahim Hussein alipoiandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, alilihifadhi tukio la Majimaji kwa namna ambayo hakuna kitabu cha historia kilichoweza kuifikia. Lakini jukwaa liliurudisha mpaka ule ule uliokuwa umefutwa. Inadaiwa pia kwamba kazi zake mbili za mwaka 1976, Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zinaeleweka vyema zaidi zikisomwa kama jibu la tatizo hilo.

Ili kuepusha mkanganyiko, jina Kinjikitile litatumika kwa mtu wa historia, na Kinjeketile kwa mhusika wa tamthilia.

Ushahidi na njia uliyopitia

Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu likinda inatokana na kazi ya Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, G.C.K. Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa idara hiyo waliyakusanya masimulizi ya wazee ambao wengine waliiona vita kwa macho yao. Sehemu ya masimulizi hayo ilichapishwa mwaka 1968, na Gwassa aliendelea na uchunguzi huo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1973.

Njia uliyopitia ushahidi huu ina uzito wake katika mjadala wa utendaji. Kauli za Mpokosi zilitamkwa kwa Kingindo mwaka 1905. Zilisimuliwa tena na mzee zaidi ya miaka 60 baadaye, zikachapishwa kwa Kiingereza. Mtafiti anayeziandika leo kwa Kiswahili, lugha iliyotumika Kilwa na Lindi wakati wa tukio lenyewe, anazifikia kwa kuzunguka. Katika kila hatua maneno yaliweza kuvuka, ila mwili haukuweza. Kimo cha sauti ya anayeamrisha, mwendo wa mguu, muda kati ya swali na jibu, harufu ya dawa: mambo haya hayatafsiriki kwa sababu hayakuwa lugha.

Pamoja na hayo, masimulizi yenyewe yana fununu ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mzee anayelisimulia likinda hakuanza na maneno yaliyotamkwa. Alianza kwa kutaja lugha iliyotumika, akafuata usinga na kibuyu, akaeleza mzunguko wa mjumbe na ukali wa nidhamu, ndipo akayafikia maswali na majibu. Huo ni mpangilio wa kumbukumbu ya mtu ambaye tukio lilimwingia kwa macho na kwa ngozi kabla ya kumwingia kwa masikio. Mtafiti anayeyang'oa maswali na majibu na kuyachambua kama ushairi, akiviacha vifaa kama mapambo, anaugeuza mpangilio huo kichwa chini miguu juu.

Vyanzo vingine viwili vinatoka upande wa pili. Gavana Götzen, aliyeitawala koloni wakati wa vita, aliandika kitabu kuhusu uasi huo kilichotoka mwaka 1909. Na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W.H. Whiteley. Gavana anaiona vita kutoka dawati la utawala. Mtunzi wa Lindi anaiona kutoka mjini, kwa macho ya mtu mwenye elimu ya Kiislamu na vina vya kuhesabu. Hakuna kati yao aliyesimama katika safu. Kwa hiyo vyanzo hivi vina faida kubwa kwa anayetafuta athari za vita na faida ndogo kwa anayelitafuta likinda.

Vitu, sauti na miili

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, upande wa Rufiji, kaskazini magharibi ya vilima vya Matumbi. Kwa mujibu wa masimulizi, mwaka 1904 alipagawa na pepo Hongo. Alionekana akitambaa kwa tumbo, mikono imenyooshwa mbele, akielekea kwenye lindi la maji. Jamaa zake walijaribu kumzuia wasiweze. Alizama, na alipoibuka nguo zake zilikuwa kavu, akaanza kutabiri. Baada ya hapo alijenga nyumba kubwa ya mizimu, na watu wakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua dawa ya maji.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba ujumbe huu ulianza na mwili kabla haujawa na maneno. Mwili uliotambaa, uliozama na uliotoka mkavu ulikuwa tayari umesema kila kitu ambacho dawa ingekuja kukisema: kuna maji ambayo hayalowanishi, na kwa hiyo huenda kuna risasi ambazo haziui. Mafundisho yaliyofuata yalikuwa ufafanuzi wa mwendo ule wa mtu mmoja.

Sauti ilikuwa ya aina mbili, na tofauti yake ni ya kimkakati. Kulikuwa na njwiywila, habari iliyopitishwa kwa mnong'ono kutoka kwa mtu hadi mtu, ikiwaita watu waende Ngarambe bila maakida na majumbe wa serikali kung'amua. Na kulikuwa na likinda, sauti ya wengi, ya wazi, iliyojibu kwa pamoja. Mnong'ono unamfanya kila msikiaji awe mtunza siri. Kiitikio kinamfanya kila mtamkaji awe shahidi wa mwenzake. Vuguvugu lililosambaa kwa miezi kadhaa chini ya pua ya utawala liliwahitaji watu wapite hatua zote mbili, ya kunyamazishwa pamoja na ya kupaza sauti pamoja.

Ila ni katika vitu ndipo jaribio linapoonekana waziwazi. Usinga ni kifaa cha mganga na cha mwenye mamlaka; unapopungwa unafukuza, unabariki na unaamuru. Kibuyu ni chombo cha nyumbani ambacho kila mke wa mkulima wa Kimatumbi alikuwa nacho, ingawa mganga naye hukitumia kwa dawa. Gobole lilifika kwa biashara ya pwani, ile iliyowapeleka watu wa bara Kilwa Kivinje na pembe za ndovu na kuwarudisha na baruti. Vitu hivi vitatu vilitoka katika nyanja tatu zilizokuwa na wenyewe tofauti, kanuni tofauti na miiko tofauti. Kuviweka katika mikono ya kundi moja, kwa wakati mmoja, kwa amri moja, kulikuwa ni ubunifu. Tambiko la kawaida lilimhusu mwanaukoo kwa mizimu ya ukoo wake. Mazoezi ya silaha yalimhusu mwindaji au mpiganaji kwa kiongozi wake. Likinda halikuwa la ukoo wala la kiongozi mmoja wa eneo, na ndiyo sababu liliweza kubebwa na mjumbe hadi kijiji ambacho hakikumfahamu.

Dawa yenyewe, maji yaliyochanganywa na nafaka kama mtama na mahindi, ilinyunyizwa, ilinywewa, na wengine waliibeba shingoni katika vipande vya mianzi. Mtu aliyelishiriki likinda aliondoka na sehemu ya tukio mwilini mwake. Hakuwa amelitazama, alikuwa amelitia ndani.

Kuhusu mwendo, chimbuko lake halina utata. Kilwa na Lindi zilitwaliwa na majeshi ya Wissmann mwezi Mei 1890. Kwa miaka 15 watu wa kusini walikuwa wamewaona askari wa Kijerumani wakisimama wima, wakigeuka na kupiga hatua kwa amri. Likinda liliuchukua mwendo huo likauingiza ndani ya tambiko, likabadilisha lugha ya amri kuwa Kingindo, na kuzipa silaha jina la kunde. Haitoshi kusema kwamba waliiga. Anayeiga askari hujivika sura yake. Waliosimama katika likinda walimnyang'anya askari mwendo wake wakauweka chini ya usinga. Na neno la chakula linapotamkwa na watu walioshika magobole, katika nchi ambayo watu wamelazimishwa kuacha mashamba yao ili walime pamba ya serikali, halihitaji mfafanuzi.

Nani alikuwa mtazamaji?

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walitoa kipimo ambacho kimeongoza mjadala wa Kiswahili kwa muda mrefu. Kwao sanaa ya maonyesho ina sifa nne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Kipimo hiki kilikuwa na kazi muhimu ya kuzitetea sanaa za Kiafrika dhidi ya madai kwamba maonyesho yaliletwa na wageni, na kilifanikiwa.

Likinda linatimiza sifa tatu za mwanzo bila shida. Katika sifa ya nne linakwama, na kukwama huko kuna faida. Kila aliyekuwapo alikuwa amesimama katika safu. Mpokosi hakuwa akiwaonyesha watu jambo, alikuwa akiwatendesha. Inawezekana kusema kwamba watazamaji walikuwa wahenga, kwa kuwa Ngarambe iliaminiwa kuwa mahali pa kukutana na waliotangulia. Inawezekana pia kusema kwamba kila mtu alimtazama aliye ubavuni mwake. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini yote yanainusuru sifa ya nne kwa kuinyoosha kupita kiasi. Ni afadhali kukubali kwamba hapa palikuwa na utendaji uliokusudiwa usitazamwe, na kwamba nguvu yake ilitokana na kutotazamwa. Asiyeshiriki hakuwa mtazamaji. Alikuwa adui au jasusi.

Hili linaliweka likinda karibu na jambo ambalo Ulaya na Marekani zililijia kwa njia nyingine. Mwaka 1916, katika Cabaret Voltaire mjini Zurich, Hugo Ball alivaa vazi la karatasi ngumu akaghani mashairi ya sauti tupu zisizo na maana ya kamusi. Wenzake katika ukumbi huo huo walighani walichokiita nyimbo za watu weusi. Mwaka 1959, mjini New York, Allan Kaprow aliwapa wageni wake maelekezo ya kusogea na kukaa ili wawe sehemu ya tukio. Historia za sanaa ya utendaji hupenda kuanzia hapo. Haidaiwi hapa kwamba likinda ndilo lililotangulia, kana kwamba kuna mbio za kushindania. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba kuwageuza watazamaji kuwa watendaji, kwa vitu vya kila siku na kwa sauti isiyotegemea maandishi, si tatizo lililobuniwa na wasanii wa mijini waliochoshwa na kumbi zao.

Tofauti kubwa iko katika gharama, na hapo ndipo uchambuzi wa kisanaa unapopaswa kutahadhari. Wageni wa Kaprow walirudi nyumbani. Waliosimama katika likinda walikwenda Samanga, Liwale na Mahenge, na mbele ya boma la Mahenge, mwishoni mwa Agosti 1905, bunduki za rashasha ziliwaua mamia. Kinjikitile alikuwa amekwisha kunyongwa huko Mohoro mwanzoni mwa mwezi huo. Vita na njaa iliyoletwa kwa makusudi na jeshi la koloni viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000, kwa hesabu ya Wajerumani, na 250,000 hadi 300,000 kwa hesabu ya Gwassa. Mchambuzi anayeliita likinda sanaa anapaswa kuulizwa kama walioshiriki wangelikubali jina hilo. Yamkini wasingelikubali. Waliamini kwamba wanatenda jambo, si kwamba wanaonyesha jambo. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno utendaji na kuliepuka neno maigizo. Katika maigizo kuna makubaliano kwamba risasi si risasi. Katika likinda makubaliano yalikuwa kinyume: risasi ni ya kweli, na kinachobadilika ni mwili utakaoipokea.

Jukwaa la serikali, na beni

Isidhaniwe kwamba upande wa watawala haukuwa na utendaji wake. Katika Kilwa Kivinje, Novemba 1895, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa hadharani kwenye mti ambao hadi leo unaitwa Mwembe Kinyonga. Mti, kamba, mwili na umati uliokusanywa ili uone: sifa nne za Muhando na Balisidya zimetimia zote, na ya nne imetimizwa kwa nguvu kuliko zote, kwa kuwa serikali ilitaka mtazamaji abaki mtazamaji. Miaka kumi baadaye, likinda lilikuwa likiwafundisha watu wa mkoa huo huo kutobaki watazamaji. Kuvisoma viwili hivi pamoja kunaeleza zaidi kuliko kulisoma likinda peke yake.

Baada ya vita, mwendo wa askari ulirudi pwani kwa sura ya furaha. Beni, ngoma iliyoanza kaskazini mwa pwani ya Waswahili katika miaka ya 1890, ilienea katika bandari za Tanganyika na, kwa njia ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikaingia bara. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo, tarumbeta na gwaride. Terence Ranger (1975) ameonyesha kwamba haikuwa kasumba ya kumwiga mzungu, bali njia ya watu wa mjini kupanga heshima, ushindani na kusaidiana. Kwa mjadala huu jambo moja linatosha: beni iliwahitaji watazamaji. Bila umati wa kuhukumu nani amependeza zaidi, mashindano hayana maana. Gwaride lililofutiwa watazamaji katika vilima vya Matumbi lilirudishiwa watazamaji katika mitaa ya bandari, na gobole likawa fimbo.

Kinjeketile: maji yanapopanda jukwaani

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani hii ya kusini, aliandika Kinjeketile akiwa Dar es Salaam, katika miaka ile ile ambayo Idara ya Historia ilikuwa ikiyakusanya masimulizi ya wazee. Tamthilia ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na mwandishi mwenyewe, ikafuata mwaka 1970. Katika utangulizi Hussein anaonya kwamba mhusika wake si nakala ya mtu wa historia. Onyo hilo limenukuliwa mara nyingi kama uhuru wa msanii. Linaweza pia kusomwa kama kauli ya kiufundi: jukwaa halina njia ya kuyarudia yale yaliyotendeka bila kuyabadilisha.

Mabadiliko yenyewe yanaonekana katika sehemu mbili. Kwanza, kupagawa. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana, anazama, anarudi mkavu, na mwigizaji anapewa nafasi ya kutumia mwili na sauti kuliko sehemu nyingine yoyote ya tamthilia. Hapa Hussein yuko karibu kabisa na masimulizi ya wazee. Lakini Ngarambe jamaa waliushika mwili wa Kinjikitile wakashindwa kuuzuia. Mkono wao ulikuwa ndani ya tukio. Katika ukumbi, mikono ya hadhira iko mapajani.

Pili, na hili ndilo kubwa, Hussein alihamisha mzigo wa tukio kutoka kwenye maji hadi kwenye neno. Kinjeketile wa jukwaani anagundua kwamba katika maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa kuna ahadi ya watu wake kuwa raia wa Seyyid Said, yaani kutoka utumwa mmoja kwenda mwingine. Anaingiwa na shaka. Anajua sasa kwamba kauli aliyoizaa imekua hata imemshinda nguvu, na kwamba Kitunda na wapiganaji hawataweza tena kurudishwa nyuma. Mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kuikana dawa, kwa sababu kuikana kutawaua walio hai na watakaozaliwa. Huu ni uchunguzi wa kina wa siasa ya imani, na kwa haki umeifanya tamthilia isomwe katika shule za Afrika Mashariki kwa vizazi. Lakini shaka ni tendo la mtu mmoja. Likinda lilikuwa tendo la safu. Tamthilia inamweka mtabiri mbele na kuisogeza safu nyuma, kwa sababu mgogoro wa nafsi unahitaji nafsi moja inayoonekana, na jukwaa lililorithiwa kutoka Ulaya limejengwa kwa ajili ya nafsi ya namna hiyo.

Si haki kumlaumu mwandishi kwa hili. Mwaka 1969 swali lililoikabili Tanzania, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa ni jinsi neno la kiongozi linavyogeuka kuwa mali ya umma na hatari iliyomo humo. Hussein alilikabili swali la wakati wake kwa ujasiri, na tukio la 1905 lilimpa umbo la kulisemea. Kilichopotea kilikuwa bei ya kulipata umbo hilo.

Msimulizi mmoja mbele ya wengi

Kutoka hapo Hussein alikwenda kusomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, ambako tasnifu yake ya mwaka 1975 ilihusu maendeleo ya drama katika Afrika Mashariki. Berlin ilikuwa mji wa Brecht, na ni desturi ya wahakiki kuieleza kazi yake ya baadaye kwa kumtaja Brecht: mwigizaji anayejitenga na mhusika, hadhira inayozuiwa kuzama katika hisia. Maelezo hayo yana msingi, ila yanaharakisha kupita kitu kilicho karibu zaidi.

Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zinaachana na mgawanyo wa wahusika na matendo. Kuna msimulizi mmoja, lugha ya kishairi, na desturi ya utambaji wa ngano. Mtambaji huyo anasimulia, anakuwa shujaa, anakuwa joka Sesota, anakuwa umati, kisha anarudi kuwa mtambaji, kwa kubadilisha sauti na mkao wa mwili tu. Hahitaji pazia wala taa. Wahakiki wengi wamezichambua kazi hizi kwa ishara zake, wakimtafuta Sesota ni nani katika siasa za uhuru na ujamaa. Swali hilo lina haki ya kuulizwa, lakini limelifunika swali la umbo: kwa nini mwandishi aliyekuwa amefanikiwa kwa tamthilia ya wahusika wengi aliamua kubaki na mtu mmoja?

Jibu linalopendekezwa hapa linarudi kwenye sifa ya nne. Mtambaji wa ngano hawezi kuanza bila kuitikiwa. Fomula ya ufunguzi ni swali na jibu, na asiyejibiwa hana hadithi. Hadhira ya ngano husahihisha, huimba kiitikio, humhimiza msimulizi na humkatiza. Iko katikati ya mtazamaji wa ukumbini na mtu wa safuni. Kwa kuchagua umbo hilo, Hussein alitafuta mahali ambapo hadhira ina kazi ya kufanya bila kudanganywa kwamba iko vitani. Mpokosi naye alikuwa mtu mmoja aliyeuliza na kujibiwa. Tofauti ni kwamba mtambaji hana gobole mbele yake, na jibu analolipata halimfungi anayelitoa.

Hapa pia ndipo umbo hili linapokutana na kikwazo chake. Kazi hizi zimefika kwa wasomaji wengi kama vitabu, na kitabu kinasomwa kimya. Mwanafunzi anayeifungua Ngao ya Jadi darasani huuona ubeti, hauoni mkao. Wasomi wa sanaa za maonyesho wa Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, baadaye waliliendea tatizo hili kwa njia ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, wakiwapelekea wanavijiji uwanja na si matini, huko Malya, Msoga na Mkambalani. Katika kazi hizo wanakijiji wenyewe walichagua tatizo, wakaligeuza kuwa ngoma, ngonjera na igizo, na kulitenda mbele ya wenzao, kisha mjadala ukafuata bila mpaka ulio wazi kati ya onyesho na mkutano. Malya iko Mwanza, Msoga Bagamoyo, Mkambalani Morogoro. Nandete, ambako pamba iling'olewa, iko katika vilima ambavyo lugha ya amri za Mpokosi na ndugu yake Kimatumbi bado zinazungumzwa jirani kwa jirani.